Kumtoa Dada Kivulini

Mteja akiingia studio kwangu hapa Rulenge hasemi anataka picha nzuri. Anasema, "Ning'arishe." Bibi harusi anataka kung'arishwa, watoto wa kipaimara wanataka kung'arishwa, hata mzee aliyekuja kupiga picha ndogo ya kitambulisho anavua kofia, anafuta jasho, na kuniomba nimng'arishe kidogo ila nisimfanye Mzungu. Huwa nawajibu vibaya. Nawaambia mwanga si mafuta ya kujipaka. Ukimmwagia mtu mwanga uso mzima anakuwa kama sahani: hana pua, hana mashavu, hana chochote cha kumtambulisha. Uso unaonekana kwa sababu ya vivuli vyake, kile cha chini ya pua, cha chini ya mdomo, cha pembeni ya shingo. Wananisikiliza, wanatikisa kichwa kukubali, halafu wanasema sawa dada, lakini ning'arishe.

Kazi hii nilijifunza kwa kuharibu. Nilikuwa na kamera, na kompyuta kuukuu ya mezani niliyoinunua kwa mwalimu aliyekuwa anahama, na sikuwa na wa kumuuliza. Nilichelewa sana kuelewa kwamba kabla ya kugusa chochote lazima ujue jua lilikuwa wapi. Unatazama pua ya mtu, kivuli chake kimelalia upande gani. Unatazama chini ya kidevu. Hapo unajua kama ilikuwa asubuhi au alasiri, na jua lilitokea mkono upi. Usipojua hilo utamkata mtu wa asubuhi umbandike kwenye picha ya jioni, na kila atakayeitazama atahisi kuna kitu hakijakaa sawa, ingawa hatajua ni nini.

Na kukata watu ndiyo kazi yangu kubwa. Huku kwetu mtu anaweza kuishi mpaka akazeeka bila kupigwa picha ya peke yake. Yumo kwenye harusi za wengine na ubatizo wa watoto wa wengine, safu ya nyuma, bega moja ndani na jingine nje. Akifariki, familia inakuja na hiyo picha ya harusi na kuweka kidole juu ya kichwa kimoja: "Huyu." Mimi namtoa pale. Namfuta mkono wa mtu aliyemshika bega, namwekea ukuta wa bluu nyuma, namwangaza uso, kisha napaka kivuli chepesi nyuma ya mabega asionekane amebandikwa. Picha inatiwa kwenye fremu kubwa, inakaa mezani siku ya kuanua matanga, baadaye inatundikwa sebuleni na kitambaa cha kufuma juu yake. Nimewatoa wengi namna hiyo, na chai nimekunywa huku nikiwatoa. Halafu zamu ikafika kwa dada yangu.

Alikuwa mkubwa wangu, mtoto wa kwanza wa mama. Aliolewa Nyabusozi, wilaya ya Biharamulo, na mkulima mmoja wa hukohuko, mtu mpole kiasi cha kuudhi. Wakati wa palizi ya mahindi alishikwa na homa, akalazwa, akafariki. Nalisema kwa kifupi kwa sababu kwa kirefu siliwezi. Siku ya mazishi hatukuwa na picha yake ya kuweka juu ya jeneza, isipokuwa moja ndogo ambayo alikuwa ameinamia sahani ya wali. Mimi, mpiga picha wa familia nzima, sikuwa na picha ya dada yangu ya peke yake. Hilo lilinikera mpaka nikataka kumgombeza yeye mwenyewe.

Maana alikuwa msumbufu mbele ya kamera, na sababu yake tuliijua. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunikwa na weupe. Alipokuwa mdogo, mama alimkalisha chini ya mibuni huku anachuma kahawa. Mama alivuta tawi moja kulileta karibu, likamponyoka mkononi, likarudi kwa nguvu na kumchapa mtoto jichoni. Kidonda kilipona, weupe ukabaki. Mama hakuwahi kutusimulia habari hiyo. Tuliipata kwa shangazi. Nyumbani kwetu jicho hilo halikutajwa. Aliyelitania ni dada peke yake. Ukoo wetu ulitoka Burundi, mama akiwa bado anabebwa mgongoni, basi dada akisimama mbele ya kamera yangu, jua la mchana likiwa limeinama kushotoni mwake, alikuwa akiniambia: "Nipige upande wa Biharamulo. Upande wa Burundi uache, mpaka umefungwa." Tulicheka mpaka picha ikatikisika.

Shemeji yangu naye alikuwa na mambo yake. Kila mkipanga mstari, yeye alikwenda kujichomeka kushoto kwa dada, nusu hatua mbele, na kofia yake pana kichwani, hadi kivuli chake kinameza nusu ya uso wa mke wake. Nilikuwa nampigia kelele mbele za watu. "Shemeji, rudi nyuma, unamziba dada!" Anacheka, anasema sawa sawa, anasogea kidogo, nikiinua kamera yuko palepale. Nilimhesabu kuwa mshamba asiyejua kupigwa picha, nikaacha kuhangaika naye.

Mama alizitazama picha hizo kwa namna nyingine. Alikuwa akizishika karibu na macho, anapitisha kidole kwenye ule upande wenye giza, na kusema, "Bado ananificha." Aliamini dada ana aibu na jicho lake, na kwamba aibu hiyo ni yeye mama aliyempa kwa mkono wake. Kila picha niliyompelekea ilimwambia jambo hilohilo.

Siku ya kuanua matanga ilipokaribia, mama alikuja studio kutoka kwake Mbuba kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, akakaa kwenye benchi la wateja ingawa nilimwekea kiti karibu yangu. Alikuwa amekunja picha ndani ya khanga. Ilikuwa ya harusi ya binamu yetu, tuliyoipiga Mbuba alasiri, watu wamejipanga mbele ya nyumba. Mwishoni mwa mstari alikuwepo dada na kitenge cha kijani, anacheka kwa mdomo wote. Karibu yake shemeji na kofia. Nusu ya uso wa dada iling'aa, nusu ilikuwa nyeusi.

"Mtoe hapo gizani," mama alisema.

"Nitamwangaza kidogo, mama. Hii picha ninayo kwenye kompyuta, ni nzuri."

"Si kidogo. Nataka uso wote. Na jicho lake umpe."

Kwanza nilidhani sikusikia vizuri. Kwa wateja wengine nimefanya makubwa zaidi ya hayo. Nimeotesha nywele, nimerudisha meno, nimemvalisha suti mzee ambaye maisha yake yote hakuvaa suti. Lakini huyu nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja utoto mzima.

"Mama, dada hakuwa nalo hilo jicho."

"Alikuwa nalo. Ni mimi niliyemzaa, na alikuwa nalo." Sasa alinitazama. "Nilimpokea na macho mawili. Nataka nimsindikize na macho mawili, mwana wanje."

Anaposema mwana wanje, mtoto wangu, sina pa kwenda. Nilichukua picha.

Nilianza na kivuli. Kivuli cha turubai ni chepesi, ukiinua mwanga kidogo kinaachia na ngozi inarudi. Hiki kilikuwa kizito, cha jua kali, na ukingo wake ulipita katikati ya pua kama umechorwa. Nilipoinua mwanga, ngozi haikurudi, likaja jivu. Ndivyo ilivyo giza la picha, ukilifukua hukuti rangi, unakuta kijivu chenye chembechembe. Ikabidi nichukue ngozi ya shavu la kulia, niigeuze, niilaze upande wa kushoto, nipake wekundu kidogo kwa brashi laini, kwa sababu ngozi ya mtu aliye hai ina damu chini yake. Nilitumia neno hilo kichwani, aliye hai, nikaacha kipanya nikatoka nje kupunga upepo. Umeme ukakatika nikiwa hukohuko, na siku hiyo nilishukuru.

Jicho lilifuata. Nilinakili la kulia, nikaligeuza, nikalipachika mahali pa lile jeupe. Likakaa. Lakini nilipotazama kwa mbali dada alikuwa kama anatazama mahali pawili, nikajua kosa liko wapi. Ndani ya kila jicho kuna tone dogo la mwanga, ndilo jua lenyewe linalojiona humo. Ukiligeuza jicho, tone nalo linageuka, na mtu anakuwa na majua mawili, moja huku na moja kule. Nililifuta tone la jicho jipya, nikalichora upya upande mmoja na mwenzake, dogo, jeupe kabisa. Hapo macho yakashikamana. Yalinitazama yote mawili kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikalia kwa sauti, mlango ukiwa wazi na wateja wawili wa kipaimara wamesimama kizingitini. Niliwafukuza. Niliwaambia mashine imeharibika.

Kwa kuwa nilikuwa nimeondoa kivuli kikubwa, ilinipasa kutia vidogo, la sivyo angekuwa sahani. Nikampakia kimoja chini ya pua, kimoja chini ya mdomo wa chini, nikamkolezea shingo. Nilikuwa nimemkuza hadi uso wake unajaa kioo chote. Niliuona upele wake mdogo wa kidevuni, na kovu la nyusi alilolipata siku alipoanguka na ndoo ya maji. Sikuwahi kumtazama karibu hivyo alipokuwepo. Mtu ukiwa naye humtazami. Unaongea naye tu, unagombania naye sabuni.

Mama alirudi kuiona kabla sijaichapa. Safari hii alikaa karibu yangu, magoti yetu yakigusana.

"Ongeza mwanga," alisema.

Nikaongeza kwenye paji la uso.

"Na hapa." Alionyesha shavu la kushoto.

Nikaongeza. Nilimwambia tukizidisha ataonekana amepigwa na jua la saa saba. Alisema hilo ndilo analolitaka, kwa maana mtoto wake alikaa gizani vya kutosha. Nikaongeza tena, nikang'arisha na jicho jipya, mpaka mama akainua mkono na kuweka kiganja juu ya kioo, juu ya uso wote.

"Sasa hanifichi tena," alisema.

Aliondoka mwepesi. Nilimwona kwa dirisha akimtania kijana wa bodaboda kuhusu kiti kilichochanika, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Mimi nilibaki na picha. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na mwanamke aliyekuwemo alikuwa mzuri, lakini nilimtafuta dada humo sikumpata. Alikuwa akicheka kicheko cha dada tu. Nilijiambia kwamba picha ni ya mama, si yangu, nikaituma kuchapwa.

Tulikwenda Nyabusozi kwa gari la kukodi, fremu ikiwa imezungushiwa blanketi juu ya mapaja ya mama. Hakukubali iwekwe nyuma na mikungu ya ndizi. Kila tukiingia kwenye shimo aliikumbatia. Tulipofika wanawake wa upande wa shemeji walitupokea, wakaifungua sebuleni, wakaiweka juu ya meza yenye kitambaa cheupe, ikitazama mlango, na maua ya plastiki pande zote. Watu waliingia mmoja mmoja. Wote walisema amependeza. Mama mmoja alisema ni kama ataamka aseme neno. Katekista aliisifu kabla ya sala, na mama, aliyekaa kwenye mkeka kando ya meza, alikuwa anaitika asante, asante, kama mtu aliyeleta bibi harusi.

Shemeji hakuingia. Mwanzoni sikushangaa. Kwa desturi zetu mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe, hamtazami usoni, wala hazungumzi naye habari za mke wake. Kwa miaka yote ya ndoa yao, nadhani mama na shemeji walipeana salamu tu, tena kutoka mbali. Lakini sala ilipokwisha na watu wakatoka kwenda kula chini ya turubai, nilimwona amesimama nje ya mlango, kofia mkononi, anaitazama picha. Alikuwa amekonda. Aliniita kwa kichwa, nikatoka. Lugha yetu ya pamoja ilikuwa Kiswahili, kwa kuwa yeye hakijui cha kwetu nami sikijui cha kwao.

"Shemeji," alisema, "mbona umempiga jua hivyo?"

Nilikuwa nimechoka, na swali likanichoma. "Ni mwanga tu huo. Si ulikuwa unamziba kila siku? Nimekutoa, nimemwangaza."

Aligeuza kofia mikononi. "Najua ulikuwa unanikasirikia."

"Sikukasirika. Ulikuwa hunisikii tu."

"Nilikuwa nakusikia." Alishusha sauti. "Lile jicho, shemeji, lilikuwa halioni, lakini halikufa. Jua likiingia mle lilikuwa linamchoma kama sindano. Mnapopiga picha mnawasimamisha watu juani muda mrefu, mpaka wote wajipange. Asipokingwa, jioni analala na kitambaa cha maji usoni, hali chakula. Ndiyo maana nilikuwa nasimama pale."

Nilimuuliza kwa nini hawakutuambia.

"Alinikataza. Alisema mama anajua lilipona siku nyingi. Alisema akisikia linauma atakufa."

Wala hatukukumbuka kwamba mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa palepale kwenye mkeka, hatua chache kutoka tuliposimama, na kutoka mle ndani ikaja sauti yake. Alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, kile ambacho herufi zake zinatoka na lafudhi ya nyumbani, kwa sababu aliyekuwa akiulizwa hakuwa mimi.

"Baba. Ririkuwa rinamuuma?"

Shemeji aliinamisha kichwa. Sidhani kama aliwahi kuulizwa kitu na mama kabla ya hapo.

"Ndiyo, mama. Likipigwa na jua."

"Tangu rini?"

"Tangu nimemwoa. Yeye aliniambia tangu utoto."

Mama hakulia. Nilimngojea alie, nikawa tayari kumshika, lakini alikaa tu na mikono yake mapajani, viganja juu. Nje walikuwa wanagawa wali, watoto wanagombania soda. Mimi nilikuwa nawaza picha zote nilizowahi kuzipiga, na dada amesimama mwisho wa mstari akitania mpaka wa Burundi, akitungoja tumalize. Hakuwa ameona aibu hata siku moja. Hakuwa amemficha mama jicho. Alikuwa amemficha maumivu.

Kisha mama akainuka kwa kushika mguu wa meza. Jua la alasiri lilikuwa limeingia mlangoni na kulala juu ya kioo cha fremu. Aliishika fremu kwa mikono miwili, akaigeuza kidogo itazame ukutani, akarudi nyuma kuangalia. Uso wa dada ulikuwa unawaka vilevile. Akaigeuza zaidi. Akaenda mlangoni, akaurudisha mlango mpaka ukabaki upenyo wa mkono, chumba kikaingia giza, shemeji akabaki nje, nami nikiwa nimeshaingia ndani kwa mama. Akaitazama tena.

"Bado jua linampiga," aliniambia kwa lugha ya nyumbani.

Akavua kitenge begani, akakitandaza kwa mikono yote miwili, akasimama kati ya picha na ule upenyo wa mlango. Sikujua nimwambie vipi kwamba mwanga ule hautoki mlangoni.